Kikulabu cha mfumi: uzi hupitaje kabla haujawa nguo?



Huwa tunashughulika sana na jina la kanga na rangi ya kikoi cha bwana harusi. Kanga huchapwa ikiwa nguo tayari. Kikoi sivyo: rangi yake imo ndani ya uzi, kwa hiyo mistari ile ya pembeni ilipangwa uzi mmoja mmoja kabla ya kufumwa hata upana wa kidole. Upangaji huo ndio tunaotaka kuuzungumza leo.

Kwenye kitanda cha mfumi, nyuzi za urefu huitwa mtande, na za kukatiza ni mshindio. Kila uzi wa mtande hupitishwa kwenye kijicho cha kitanzi kinachoupandisha na kuushusha, kisha kwenye mwanya wa chanuo linaloshindilia nguo. Hebu piga hesabu: nguo ya upana wa mita moja, nyuzi 10 kila sentimita, ni nyuzi 1,000, na kila mmoja unapitishwa mara mbili. Vidole vitupu havifui dafu. Hapo hutumika kikulabu, kijichuma chembamba chenye ncha iliyopinda na mpini mdogo. Mmoja hukaa nyuma akitoa uzi, mwenzake mbele anauvuta. Uzi ukikosea kijicho chake, kasoro hutembea na nguo mpaka mwisho.

Kazi hii si ngeni kwetu pwani. Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, palitoka vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, yaani vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hadi Misri. Pate ilisifika kwa hariri. Naye Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofumua nguo za buluu kutoka Cambay, India, wakachanganya uzi wake na pamba yao nyeupe na kufuma upya. Tunaposoma hayo tunakumbuka mfano wa mwanamke anayeuvunja uzi wake baada ya kuusokota imara, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 92. Yule aliharibu kazi yake, hawa walifumua ili wafume.

Kigae hakiozi. Kitanzi cha uzi na kijiti cha mti huoza, ndiyo maana ardhi imetuhifadhia zaidi habari za msokotaji kuliko za mfumi.

Kilichomdhoofisha mfumi wa pwani ni bei. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na marobota ya merikani yakaja Unguja kwa meli. Nguo ya mashine ilishinda mkono, kisha ikabebwa na misafara kwenda bara, ambako ilikuwa kama fedha. Hivyo ndivyo nguo za dukani zilivyosogea hadi nchi ya Wamaasai na Waarusha chini ya Mlima Meru, watu waliokuwa wakivaa ngozi. Leo ukienda Terrat, kata ya kusini mwa jiji la Arusha, shuka unalolikuta limefumwa kwa mashine, na ufundi wa uzi wa akina mama wa Kimaasai uko kwenye shanga.

Hata hivyo Arusha hiyohiyo ina kitanda cha mkono. Karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, hufuma vitambaa kwa mikono. Dada uliyeolewa huko, nenda ukaone.

Mkirudi mnataka kujaribu, kikulabu hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Spoki ya baiskeli inatosha: bapaza ncha kwa nyundo, pinda kwa plaizi, tia mpini. Adui yake ni ukwaru. Isugue kwa msasa laini, halafu ipitishe juu ya mtandio mkongwe wa hariri; ikinasa, rudia. Ncha ikifunguka, irudishe polepole, maana chuma kikipindwa mara nyingi mahali pamoja hukatika. Hewa yetu ya bahari huleta kutu, basi ipake mafuta kidogo na uyafute kabisa kabla ya kugusa uzi, la sivyo utapata doa jeusi kwenye kikoi cheupe.

Kununua kikoi cha mashine hakuna ubaya, na mfuko wa harusi una mipaka. Tunachokataa ni kulipishwa bei ya mkono kwa kazi ya mashine. Muuzaji akikuapia, tazama ukingo wa urefu: mkononi mshindio hugeuka na kurudi ndani ya nguo. Ukiona ncha zilizokatwa zimejipanga safu ukingo mzima, mrudishie nguo yake.

Na mfumi mwenye akili hapitishi nyuzi zile 1,000 kila mara. Akimaliza nguo huacha ncha za mtande wa zamani ndani ya vitanzi, akafunga uzi mpya kwa kila mmoja, fundo kwa fundo, kisha akavuta taratibu mpaka mafundo yote yapite chanuo. Kikulabu hubaki kando mpaka atakapotaka mpango mwingine wa nyuzi, au fundo moja likatike njiani.