Saa ya London na Saa ya Bristol

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Nawaomba mkae vizuri, na kila mmoja awe na kalamu na karatasi mbele yake, maana kabla ya kuachana nitawapa kazi ndogo.

Leo tunakwenda Uingereza. Tutapanga safari fupi ya siku nne kwa gari la moshi, kutoka London hadi miji mitatu ya upande wa magharibi: Bath, Bristol na Exeter. Siku hizi magari hayo hayatoi moshi wa makaa, lakini jina limebaki, nami nitalitumia. Na tukiwa katika kupanga, tutatazama historia ya karatasi moja ambayo msafiri hawezi kuiacha, yaani ratiba. Ratiba ya reli ni karatasi au kitabu kinachoonyesha gari litaondoka saa ngapi, litapita wapi, na litafika saa ngapi.

Nina sababu ya kuchagua safari hii. Nilipokuwa mwanafunzi katika nchi ile, niliipanga mimi mwenyewe pamoja na rafiki yangu mmoja kutoka kwetu, naye alikuwa amekaa London miaka mingi kuliko mimi. Tulikuwa na siku nne za mapumziko na fedha kidogo. Nikanunua tikiti za bei nafuu, zile ambazo humfaa mtu kwa gari moja tu. Gari hilo likiondoka bila yeye, tikiti imekufa. Kisha nikampelekea rafiki yangu ujumbe: “Jumamosi, stesheni ya Paddington, saa 3.”

Gari letu lilikuwa la asubuhi. Nilifika mapema, nikasimama chini ya saa kubwa na mkoba wangu. Rafiki hakuja. Nikampigia simu, hakuitika. Gari likaondoka, nami nikalitazama mpaka behewa la mwisho. Sikutaka kumwacha mwenzangu, basi nikakaa juu ya benchi kutwa nzima, moyo ukinienda mbio, nikidhani amepatwa na jambo. Saa tisa alasiri nikamwona anakuja taratibu, amenyoa ndevu, anatabasamu.

“Bwana, umechelewa saa sita!” nikamwambia.

Akatazama saa ya ukutani. “Nimechelewaje, ndugu yangu? Uliandika saa 3, na ile pale ni saa 3 kamili.”

Mmekwisha fahamu, bila shaka. Mimi niliandika saa tatu ya Kiswahili, ambayo kwa Waingereza ni saa 9 ya asubuhi. Yeye alikuwa akifanya kazi ya usiku, na kwa miaka yote ile alihesabu saa kama wenyeji wanavyohesabu. Aliusoma ujumbe wangu kwa hesabu yao, akalala usingizi wake wote asubuhi kama mtu mwenye haki. Tulilazimika kununua tikiti nyingine. Fedha ya Exeter ikaishia hapo. Bath niliiona, na Bristol niliiona, lakini Exeter sijaiona mpaka leo.

Siku iliyofuata, pale Bristol, nilioneshwa kitu kilichonifariji kidogo. Katika mtaa uitwao Corn Street liko jengo la zamani la soko la wafanya biashara, na juu yake iko saa kubwa. Saa hiyo ina mishale miwili ya dakika, si mmoja, na imekuwako tangu zamani za kuja kwa reli. Mshale mmoja waonyesha dakika za London, na wa pili dakika za Bristol. Kati yake kuna tofauti ya dakika kama kumi.

Kwa nini? Msiwacheke watu wa Bristol. Hapo zamani kila mji ulipima saa zake kwa jua. Jua likifika katikati ya mbingu juu ya mji, basi ni adhuhuri ya mji huo. London iko mashariki na Bristol iko magharibi, kwa hiyo jua hufika kwanza London, na dakika kumi baadaye hufika Bristol. Exeter iko magharibi zaidi, na tofauti yake na London ni dakika kama kumi na nne. Hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Jua hufika Dar es Salaam karibu dakika arobaini kabla ya kufika Kigoma, ingawa saa za ukutani za miji hiyo miwili zinasema sawasawa.

Wakati wa farasi tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Mwaka 1784 John Palmer alianzisha magari ya farasi ya kuchukua barua kati ya Bristol na London, na safari ilichukua muda wa saa kumi na sita. Msafiri akifika baada ya usiku mzima wa kutikiswa barabarani, dakika kumi ni nini kwake? Mlinzi wa gari la barua ndiye aliyepewa saa ya kuchukua, na saa hiyo iliweza kurekebishwa iende polepole kidogo au upesi kidogo, ili ipatane na miji ya njiani.

Ndipo ikaja reli. Kampuni ya Great Western ilijenga njia kutoka Paddington, na mhandisi wake mkuu alikuwa Isambard Kingdom Brunel. Kazi iliyowatoa jasho zaidi ilikuwa kutoboa kilima cha Box, karibu na Bath, kwa handaki la karibu maili mbili. Tarehe 30 Juni, 1841, njia yote ya London mpaka Bristol, maili 118, ilifunguliwa. Safari ya usiku kucha ikawa safari ya muda wa saa nne hivi. Tarehe 1 Mei, 1844, reli ikafika Exeter.

Sasa fikirini. Msafiri wa Bristol amesoma kwamba gari litaondoka saa nne asubuhi. Anatazama saa ya kanisa, anaona bado dakika tano, anatembea pole pole. Akifika stesheni, gari limekwenda zake, kwa sababu stesheni inafuata saa ya London. Kampuni ilikwisha amua hivyo tangu Novemba 1840, maana haikuweza kuendesha magari kwa saa tofauti katika kila mji. Reli zina njia chache, na magari mawili yakidhani kila moja kwamba njia ni yake, watu hufa.

Basi kwa miaka kadhaa mji mmoja ulikuwa na saa mbili: saa ya reli na saa ya wenyeji. Mwaka 1847 chama cha hesabu cha makampuni ya reli kiliyashauri makampuni yote yafuate saa ya Greenwich, ndiyo saa ya London. Miji mingi ikakubali, lakini mingine ikakaidi. Bristol ilikubali mwaka 1852. Exeter nayo ilikubali mwaka huo huo, baada ya mkuu wa kanisa kuu la mji kukataa kwa muda mrefu kuibadili saa ya kanisa lake. Mimi siwezi kumlaumu sana mzee yule. Jua lilikuwa upande wake.

Na jambo hili lilifika hata mahakamani. Mwaka 1858, katika mji wa Dorchester, kesi moja ilikuwa isikilizwe saa nne asubuhi. Saa ya mahakama, iliyofuata London, ilikwisha pita saa nne, na mshtakiwa hayumo. Hakimu akaamua kesi dhidi yake. Kumbe mtu huyo alikuwa akifuata saa ya mji, nayo ilikuwa haijafika saa nne. Shauri likapelekwa mahakama ya juu, nayo ikasema kwamba saa nne ni saa nne ya mahali penyewe, si ya London. Mtu yule akapata haki yake. Ila wafanya biashara na watu wa reli waliendelea kupata taabu, mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 1880 kwamba saa ya Greenwich ndiyo saa ya kisheria katika Uingereza yote.

Turudi kwenye ratiba. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na karatasi yake, na mtu wa kusafiri kwa reli tatu alihitaji karatasi tatu. Aliyeziunganisha alikuwa George Bradshaw, mchoraji wa ramani wa mji wa Manchester. Kitabu chake cha kwanza cha ratiba, kidogo sana, kilitoka Oktoba 1839. Baadhi ya makampuni hayakupenda. Yaliona kwamba saa ikiisha chapwa kitabuni imekuwa ahadi, na watu wataanza kudai! Kitabu kikaendelea kukua, kikatoka kila mwezi, kikawa kinene mno kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Kilichapwa mpaka mwaka 1961. Ratiba za leo hupatikana katika simu na kompyuta, lakini namna ya kuzisoma ni ile ile.

Tikiti nayo ina mtu wake. Thomas Edmondson alikuwa seremala wa makabati aliyefilisika, akapata kazi ya kusimamia stesheni ndogo katika reli ya Newcastle na Carlisle. Wakati ule karani aliandika kila tikiti kwa mkono. Katika miaka ya 1830 Edmondson alibuni kadi ndogo ngumu, zenye nambari zinazofuatana, na mashine ya kuzipiga tarehe. Kadi hizo zilienea duniani, na hapa Afrika Mashariki pia. Wengi wa wazee wetu walizishika mkononi.

Haya, sasa tupange. Kwanza tutazame ramani. London, Bath, Bristol, Exeter: miji hii imepangana kuelekea magharibi, kwa hiyo tutaifuata hivyo hivyo, tusiende Exeter kwanza halafu turudi Bath bure. Pili, jina la stesheni. London ina stesheni kubwa nyingi, na magari ya magharibi huondoka Paddington. Bristol ina Temple Meads, iliyo mjini, na Parkway, iliyo mbali nje ya mji. Ukishuka Parkway utalipa tena nauli ya kuingia mjini. Huko Exeter, magari yetu hutumia St Davids. Yaandikeni majina haya kamili.

Tatu, tusome ratiba. Majina ya stesheni huwa upande wa kushoto, yamepangwa kutoka juu kwenda chini. Kila safu ya nambari inayoshuka ni gari moja. Weka kidole juu ya safu, ukishushe, usikihamishe upande. Ukikuta mstari au nafasi tupu mbele ya jina la mji, gari hilo halisimami hapo. Wengi huona gari linapita Bath wakadhani watashuka Bath. Tena tazameni siku: saa za Jumapili si saa za Jumatatu.

Kutoka London mpaka Bath ni muda wa saa moja na nusu hivi, au pungufu. Bath mpaka Bristol ni karibu sana, na Bristol mpaka Exeter ni kama muda wa saa moja. Kwa hiyo lala Bath usiku mmoja na Bristol usiku mmoja, kisha Exeter, na siku ya nne urudi London. Mahali pa kubadili gari, jiachie nafasi ya nusu saa. Kijana ataona nusu saa ni nyingi. Mwacheni abebe mizigo yake ngazini ndipo atafahamu.

Nne ni jambo langu la benchi. Ratiba ya huko hutumia saa 24, tangu usiku wa manane. Sisi huhesabu tangu machweo na macheo. Nambari zikiwa kati ya 7 na 18, toa 6: 9.00 ni saa tatu asubuhi, na 15.00 ni saa tisa alasiri. Zikiwa kati ya 19 na 23, toa 18: 19.00 ni saa moja usiku. Zikiwa chini ya 7, ongeza 6: 4.15 ni saa kumi na robo, alfajiri.

Sasa kazi yenu. Nambari hizi nimezitunga mwenyewe, msizipeleke stesheni. Gari linaondoka Paddington 8.45, linafika Bath 10.10. Kesho yake gari la Bristol linaondoka Bath 13.20, linafika 13.35. Siku ya nne gari la kurudi linaondoka Exeter 17.50, linafika London 20.05. Ziandikeni saa hizi zote kwa Kiswahili, na kila moja isemeni kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Mkimaliza, mwandikieni rafiki yenu akaaye London ujumbe wa mstari mmoja, kumwambia siku, stesheni na saa ya kukutana. Kisha badilishaneni karatasi na jirani. Jirani aseme atafika saa ngapi, naye mwandishi asimsaidie hata kwa neno moja. Mwalimu, nakuachia darasa lako. Kwaherini.