Tetris: vipande saba vilivyotoka Moscow

Tetris ni mchezo wa kompyuta wenye vipande saba, kila kimoja kikiwa na miraba minne. Vipande hivyo hushuka kimoja kimoja ndani ya kisima chenye upana wa miraba 10 na kimo cha miraba 20, na mchezaji hukizungusha kila kimoja na kukisogeza kushoto au kulia kabla hakijatua. Mstari ukijaa hufutika. Usipojaa hubaki, rundo hupanda, na likifika juu mchezo umekwisha. Kanuni ni hizo tu, na hata mtoto asiyejua kusoma huzishika kwa kutazama mwenzake akicheza.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1984 mjini Moscow, katika Kituo cha Kompyuta cha Dorodnitsyn kilichokuwa chini ya Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti. Aliyeubuni, Alexey Pajitnov, alikuwa mtafiti wa akili bandia, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuifundisha kompyuta kutambua sauti ya binadamu. Mashine aliyokuwa nayo mezani iliitwa Elektronika 60. Haikuwa na uwezo wa kuchora picha. Skrini yake ilionyesha herufi, tarakimu na alama za uandishi, basi. Kwa hiyo mraba wa kwanza wa Tetris haukuchorwa, uliandikwa: bano la mraba la kufungua, kisha la kufunga, yaani [ ]. Jozi nne za mabano ya aina hiyo zilifanya kipande kimoja.

Wazo lenyewe Pajitnov alilitoa kwenye pentomino, fumbo la vipande 12 vya miraba mitano mitano ambavyo mchezaji hutakiwa kuvipanga kisandukuni bila kuacha pengo. Vipande 12 aliviona ni vingi mno kwa mtu anayetakiwa kuamua haraka, akashuka hadi miraba minne. Hapa pana jambo dogo ambalo wachezaji wengi hawajapata kulitafakari. Kipande cha mbao kinaweza kupinduliwa tumbo likawa mgongo, hivyo maumbo ya miraba minne mkononi ni matano tu. Kwenye skrini kipande huzunguka lakini hakipinduki, kwa hiyo umbo la S na mwenzake wa Z, anayefanana naye kama taswira kwenye kioo, huhesabiwa mbalimbali. Ndivyo ilivyo pia kwa L na J. Matano yakawa saba.

Toleo la mwanzo kabisa lilikuwa na kasoro: kisima kilijaa upesi, na mchezo ukafa kabla haujakolea. Pajitnov akagundua kwamba mstari uliokwisha kujaa hauna kazi tena, unakula nafasi bure. Akauondoa, na kuondoa huko ndiko kulikoleta utamu wote. Kwa kuwa kilichojaa hutoweka, mchezaji hubaki akiyatazama makosa yake peke yake. Jina alilipata kwa kuunga neno la Kigiriki lenye maana ya nne, tetra, na tenisi, mchezo alioupenda.

Elektronika 60 haikuwa mashine ya kila ofisi. Vadim Gerasimov, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 16 aliyekuwa akihudhuria kituoni hapo, aliuhamishia mchezo kwenye kompyuta za IBM akishirikiana na Dmitry Pavlovsky, na vipande vikapata rangi. Biashara ya programu za kompyuta haikuwepo katika Umoja wa Kisovieti, wala mtumishi wa taasisi ya umma hakuwa na njia ya kuuza alichokibuni kazini. Mchezo ukanakiliwa bure, diski kwa diski, mtu na rafiki yake. Vladimir Pokhilko, mwanasaikolojia aliyekuwa rafiki wa Pajitnov, aliupeleka kwenye taasisi yake ya tiba, kisha ikambidi auondoe kwa sababu watu walikuwa hawafanyi kazi.

Mwaka 1986 diski hizo zilikuwa zimefika Budapest, Hungaria. Huko mchezo ulionwa na Robert Stein, mfanyabiashara wa London mzaliwa wa Hungaria, aliyekuwa akinunua programu za Ulaya Mashariki na kuziuza Magharibi. Alituma teleksi Moscow, akajibiwa kwa maneno ya heshima yaliyoonyesha utayari wa kuzungumza. Majibu hayo Stein aliyachukua kuwa ni mkataba. Kabla karatasi yoyote haijasainiwa, alikwisha kuiuzia haki Mirrorsoft ya Uingereza, iliyokuwa chini ya tajiri wa magazeti Robert Maxwell, na Spectrum HoloByte ya Marekani. Kampuni hizo nazo zikawauzia wengine, wakiwemo Atari Games, na wao wakauza mbele zaidi hadi Japani. Kufikia mwisho wa mwaka 1988 Tetris iliuzwa katika mabara matatu, na karibu kila muuzaji alikuwa akiuza asichokuwa nacho.

Mwenye mali kwa mujibu wa sheria za Kisovieti alikuwa dola, kupitia shirika la biashara ya nje lililoitwa Elorg. Afisa wa Elorg aliyeitwa Belikov alipolichukua faili hilo alikuta fujo tupu, na Februari 1989 pande tatu zikamfikia Moscow karibu kwa wakati mmoja: Stein, Kevin Maxwell, mtoto wa Robert, na Henk Rogers, Mholanzi aliyekulia Marekani na kufanya biashara ya michezo nchini Japani. Rogers aliingia kwa viza ya utalii, bila mwaliko, akagonga mlango wa Elorg. Ili kujitambulisha alimwonyesha Belikov kaseti ya Tetris aliyokuwa akiiuza Japani kwa ajili ya mashine ya kampuni ya Nintendo inayochezewa kwenye televisheni. Belikov akamwambia kwamba Elorg haijapata kumpa mtu yeyote ruhusa ya kutengeneza kitu hicho.

Rogers alikubali kosa palepale, akaeleza alivyoinunua haki hiyo na kwa nani, akaahidi kulipa. Kaseti ileile ilipowekwa mbele ya Kevin Maxwell, mambo yalikwenda kombo. Kwenye kasha palikuwa na jina la Mirrorsoft, kampuni ya baba yake, lakini yeye hakujua kwamba waliwahi kuuza haki hiyo. Akasema bila shaka ni bidhaa ya wizi. Kwa kauli hiyo alikuwa amekiri mwenyewe kwamba upande wake haukuwa na haki yoyote juu ya kaseti za televisheni.

Kwa Stein, Belikov aliandaa karatasi moja ya kurekebisha mkataba. Ilikuwa na kifungu kirefu cha adhabu kwa malipo yaliyochelewa, na Stein akapigania kifungu hicho kufa na kupona. Mahali pengine katika karatasi hiyohiyo palikuwa na maelezo mafupi ya neno kompyuta: mashine yenye prosesa, skrini, kiendesha diski, kibodi na mfumo endeshi. Stein akasaini. Mashine ya michezo ya televisheni haina kibodi wala kiendesha diski, na kifaa cha kushika mkononi kadhalika, kwa hiyo vyote viwili vikawa nje ya haki zake. Ni nadra sentensi moja ya mkataba kubeba fedha nyingi kiasi hicho, na aliyeitega hakuwa wakili wa New York bali mtumishi wa shirika la serikali ya kikomunisti.

Machi 1989 Nintendo ilitia saini mkataba na Elorg. Atari Games, iliyokuwa imeingiza sokoni kaseti yake yenyewe, ilivutana na Nintendo mahakamani San Francisco, ikashindwa, na kaseti zikaondolewa madukani. Lakini ushindi mkubwa ulikuwa wa kifaa kipya cha kushika mkononi, Game Boy, kilichoanza kuuzwa Japani Aprili mwaka huo. Rogers aliwaambia wakuu wa Nintendo kwamba wakikiuza pamoja na mchezo wa Mario watawapata watoto wa kiume, ila wakikiuza pamoja na Tetris watampata kila mtu. Wakamsikiliza. Toleo la Game Boy liliuzwa nakala milioni 35. Skrini yake ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na picha ikienda mbio ilififia. Mchezo mwingine ungeathirika, lakini huu uliwahi kuishi kwa mabano matupu. Mwaka 1993 mwanaanga Aleksandr Serebrov aliibeba Game Boy yenye Tetris hadi kituo cha anga cha Mir.

Nyuma ya Game Boy vilikuja vifaa vya bei nafuu kutoka China, vile vya betri mbili vilivyojitangaza kuwa na michezo 9999 ndani yake, ilhali mingi ilikuwa Tetris ileile iliyobadilishwa kasi. Ndivyo vilivyowafikia watu wengi wa Afrika Mashariki, wakaviita brick game, bila kujua kwamba mchezo huo una mwenyewe.

Mwenyewe hakuwa akipata kitu. Pajitnov alikuwa amekikabidhi kituo chake haki za mchezo kwa miaka 10, na fedha zilipoanza kuingia zilikwenda kwa dola. Alihamia Marekani mwaka 1991, na malipo ya kazi yake yalianza kumfikia mwaka 1996, yeye na Rogers walipoanzisha kampuni ya kusimamia haki za Tetris.

Wakati wafanyabiashara wakigombania leseni, wanasayansi walikuwa wamevutwa na jambo jingine. Mchezo usio na hadithi, lugha wala wahusika ni kipimo kizuri cha ubongo, kwa kuwa humpa kila mtu mzigo uleule. Mwaka 1992 Richard Haier wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alichapisha matokeo ya kupima matumizi ya sukari katika ubongo wa wachezaji wanane, kabla na baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Walikuwa wamepata umahiri mkubwa, lakini ubongo wao ulitumia sukari kidogo kuliko mwanzo. Haier aliona hapo dalili kwamba ujuzi ni kutumia nguvu mahali panapostahili.

Waliocheza saa nyingi walikuwa na malalamiko yao: wakifumba macho, vipande vinashuka, wakipita barabarani, wanaona majengo yanavyoweza kuingiana. Hali hiyo ilikuja kuitwa athari ya Tetris. Robert Stickgold wa Harvard aliipeleka maabara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watu 27 walicheza kwa siku tatu, kisha wakaulizwa waliona nini lepe la kwanza la usingizi lilipowachukua. Kumi na saba walitaja vipande vinavyoshuka. Kati ya wote walikuwemo watano ambao ubongo wao uliumia na hauwezi kutunza kumbukumbu mpya, watu waliohitaji kufundishwa mchezo upya kila kikao. Watatu kati yao waliviona vipande vilevile usingizini, ingawa hawakukumbuka kwamba waliwahi kucheza. Kumbe ndoto huchota kwenye ghala ambalo mwenyewe hana ufunguo wake.

Kutoka hapo Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliuliza swali la tabibu. Kama Tetris huishughulisha sehemu ya akili inayoshika picha, je, inaweza kuizuia picha mbaya isikae? Mwaka 2009 walieleza jaribio ambamo watu 40 walionyeshwa filamu ya ajali na vifo. Waliocheza Tetris kwa dakika 10, nusu saa baada ya filamu, walirudiwa na picha hizo mara chache zaidi katika wiki iliyofuata. Katika jaribio lao la baadaye, mchezo wa maswali na majibu haukuleta nafuu hiyo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya wagonjwa 71 wa ajali za barabarani waliopokelewa kitengo cha dharura. Waliokumbushwa tukio kwa ufupi kisha wakacheza walirudiwa na picha za tukio mara chache kwa asilimia 62 kuliko wenzao katika wiki ya kwanza. Hiyo si tiba iliyokamilika, lakini mchezo uliowahi kufukuzwa katika taasisi moja ya tiba Moscow umerudi hospitalini kwa mlango wa mbele.

Wanahisabati nao walikuwa na lao. Mwaka 1997 Heidi Burgiel alithibitisha kwamba S na Z zikifuatana kwa zamu, hakuna mchezaji atakayedumu, na mashine inayochagua vipande kwa bahati nasibu lazima siku moja itautoa mfuatano mrefu wa aina hiyo. Matoleo mapya huchanganya vipande vyote saba kama karata kabla ya kuvigawa, hivyo mfuatano huo hautokei.

Katika toleo la Nintendo la televisheni la mwaka 1989, ukomo uliofahamika ulikuwa ngazi ya 29. Hapo kipande hushuka kisima kizima kwa theluthi ya sekunde, na kubonyeza kwa namna ya kawaida hakukifikishi ukingoni. Wachezaji wakabuni mbinu. Kwanza walitetemesha kidole gumba juu ya kitufe. Baadaye wakaanza kugonga mgongo wa kidhibiti kwa vidole vinne kwa zamu, kama apigaye meza kwa kukosa subira, ili kitufe kikifuate kidole. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Marekani, alicheza kwa dakika 38, akafuta mistari 1,511 na kufika ngazi ya 157. Kisima chake hakikuwa kimejaa. Programu ndiyo iliyoshindwa kuhesabu zaidi, na skrini ikaganda.