Kwa nini uwanja wa kijijini hukataliwa kuwa kituo cha mchezo wa simu

Mkazi wa Kishapu akiulizwa uwanja wa mpira wa kijijini kwao uko wapi, ataonyesha kwa kidole. Lakini anayeamua kama uwanja huo uwe kituo katika mchezo wa simu kama Pokémon GO huenda yuko Japani au Ujerumani, na hajawahi kusikia jina la Mhunze wala Maganzo. Hawezi kuja kutazama. Anategemea picha, ramani na maneno machache aliyotumiwa. Visipomtosheleza, anakataa.

Vituo hivi ni nini?

Katika michezo hii mchezaji hutembea huku simu ikifuatilia alipo kwa GPS. Kituo huwekwa penye mnara wa kumbukumbu, soko, nyumba ya ibada au uwanja, na anayefika hapo hupata vifaa vya kuendelea na mchezo.

Kampuni ya Niantic ya Marekani ilianza na mchezo wa Ingress mwaka 2012, na vituo vyake vingi vilipendekezwa na wachezaji wenyewe. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016 ilirithi vituo hivyo. Ndiyo maana miji iliyokuwa na wachezaji wengi ilijaa vituo mapema, huku vijiji visivyo na mchezaji hata mmoja vikibaki vitupu. Vijiji hivyo vilikuwa na mahali pa maana, ila hapakuwa na mtu wa kupaandikisha.

Nani anaamua?

Tangu 2019 mapendekezo hupitia mfumo uitwao Wayfarer. Mchezaji aliyefikia ngazi inayotakiwa hutuma jina la mahali, maelezo mafupi na picha mbili: moja ya kitu chenyewe, nyingine ya mazingira yake. Huongeza pia maelezo kwa ajili ya wahakiki. Wahakiki nao ni wachezaji waliofaulu jaribio la kanuni, na huamua kwa kura.

Hujiuliza mambo manne. Je, kitu hiki ni cha kudumu? Je, panafaa kutembelewa, kufanyia mazoezi au kukutania na watu? Je, mtu anaweza kufika kwa miguu akiwa salama? Na je, kweli kipo pale kilipowekwa kwenye ramani?

Swali la mwisho ndilo gumu kwa maeneo ya vijijini. Mahali pasipo na picha za barabarani kwenye Google Maps, mhakiki hubaki na picha ya setilaiti, ambayo inaweza kuwa ya miaka kadhaa iliyopita. Kwenye picha hiyo, uwanja wa vumbi wenye magoli ya miti hautofautiani na shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Kanisa lililoezekwa mwaka jana halipo kabisa.

Ushahidi unaosaidia

Picha ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Irudi nyuma kiasi cha kuonyesha kitu pamoja na alama inayoonekana kutoka angani, kama njia panda, lambo au paa kubwa la ghala. Mhakiki akiliona paa hilo kwenye setilaiti, atajua na uwanja uko upande gani.

Maandishi ya kudumu nayo husaidia. Mwaka 2022, katika Operesheni Anwani za Makazi, barabara na mitaa mingi nchini iliwekewa nguzo za majina, na nyumba zikapewa namba. Nguzo ya jina la barabara ikionekana kwenye picha, mhakiki anapata jambo la kulinganisha na ramani. Unaweza pia kupakia picha ya mzunguko wa digrii 360 kwenye Google Maps, ingawa itakula bando.

Usidhani mgeni anajua mambo ya kwenu. Chukua mfano wa ngitili, eneo la malisho na miti linalohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma, ambalo mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kulirudisha mkoani Shinyanga. Miti na nyasi peke yake ni vigumu kukubaliwa. Penye bango la kudumu lenye jina la ngitili, pendekeza bango hilo, kisha eleza maana yake kwa sentensi mbili.

Pasipofaa hata ushahidi ukiwepo

Shule za msingi na sekondari haziruhusiwi, wala makazi ya watu. Kaburi la mtemi lililo ndani ya mji wa familia lina historia, lakini liko nyumbani kwa watu.

Machimbo pia yaachwe. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao hazina yake iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ni eneo la kazi lisilo la kutembelea ovyo. Maduara ya wachimbaji wadogo kule Geita na Kahama ni hatari zaidi. Kituo huita watu, na mtoto akikifuata macho yakiwa kwenye simu, duara lisilofukiwa halitamwonya.

Ramani ni ya wote

Tangu Desemba 2017, ramani ya Pokémon GO hutegemea OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Baada ya badiliko hilo, baadhi ya wachezaji katika nchi mbalimbali walichora bustani za uongo ili wapate faida mchezoni.

Uongo huo una madhara nje ya mchezo. Tangu 2015, wanaojitolea katika mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakiingiza vijiji vya Tanzania kwenye ramani hiyohiyo. Mkoani Mara imewasaidia wanaokwenda kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Njia ya kubuni inaweza kumpoteza mwokoaji usiku, lakini njia ya kweli uliyoichora kwa sababu ya mchezo inaweza kumfikisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pendekezo, mwonyeshe picha zako mbili mtu asiyekijua kijiji chenu. Mpe na ramani, umwombe aweke kidole mahali hapo. Akishindwa, rudi ukapige picha nyingine.