Chimbuko la Tangi la Samaki Nyumbani

Mzazi atakaye kumnunulia mwanawe samaki wa kwanza aghalabu huanza na samaki mwenyewe: humchagua yule mwenye rangi ya dhahabu, akatiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji, na njiani kurudi nyumbani ndipo hukumbukwa chombo, nacho chombo kikawa bakuli la kioo la mviringo lisilozidi lita tatu au nne. Haupiti muda samaki hufa, mtoto akalia, na wakubwa wakamliwaza kwa kumwambia kwamba viumbe hawa umri wao ni mfupi. Maneno hayo si kweli, kwani samaki wa dhahabu aliyetunzwa sawasawa huishi miaka 10 na kuzidi. Na historia ya ufugaji wa samaki majumbani, ikifuatwa kwa taratibu, hutubainishia kosa lilianzia wapi, na ni akina nani waliojitahidi kulisahihisha.

Watu wa Uchina ndio waliotangulia. Katika zama za watawala wa ukoo wa Song, takriban miaka elfu moja iliyopita, wakubwa wa nchi ile walikuwa wakiwatenga katika mabwawa ya bustani zao samaki fulani wa maji baridi ambao kwa asili ni wa rangi ya kijivu, lakini mara mojamoja huzaliwa miongoni mwao mmoja mwekundu au wa manjano. Na kwa kuwazalisha hao wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, ikapatikana jamii ya samaki ambayo haikuwapo mtoni. Katika zama za Ming wakaingizwa majumbani, wakawekwa ndani ya mitungi mikubwa ya kauri, mipana ya vinywa, ambayo mtazamaji huiinamia akawaona samaki kwa juu. Na ndiyo sababu wafugaji walipendelea mikia iliyogawanyika na migongo ya maumbo ya ajabu, madhali hayo ndiyo yaliyolikabili jicho. Yafaa tuuzingatie upana wa vinywa vya mitungi ile. Hewa huingia majini kwa kupitia uso wa maji, na mfugaji wa Kichina, ijapokuwa hakuijua oksijeni, alikuwa amempa samaki wake uso mpana wa kuvutia pumzi.

Samaki hao walipofika Ulaya, mapenzi ya watu wa huko kwa kioo yaliharibu hekima hiyo. Samuel Pepys, mtumishi mkubwa wa serikali ya Uingereza, aliandika katika shajara yake mwaka 1665 ya kwamba ameonyeshwa samaki wa kigeni, wazuri wa madoa, wakiishi katika gilasi ya maji, naye akasadiki kuwa wataishi humo siku zote. Katika karne iliyofuata bakuli la mviringo lenye kinywa chembamba likawa pambo la sebule za matajiri, na watumishi wakawa na kazi ya kumwaga maji machafu na kutia mapya kila mara, jambo ambalo lilimtesa samaki kwa kumbadilishia joto na hali ya maji ghafla. Bakuli analopewa mtoto leo ni mjukuu wa bakuli lile, na kwa rai yangu lingefaa liachwe dukani.

Aliyeugeuza mkondo wa mambo alikuwa mkemia wa London, Robert Warington, aliyekuwa akiitumikia jumuiya ya wauza dawa wa mji huo. Mwaka 1849 alitwaa chombo cha kioo chenye ujazo wa galoni 12, yaani lita zipatazo 54, akatandaza chini mchanga na changarawe, akapanda mmea wa majini uitwao Vallisneria, ambao majani yake ni marefu kama utepe, kisha akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu. Dhana yake ilikuwa kwamba samaki atoapo hewa ukaa, mmea utaivuta na, kwa msaada wa mwanga, utamrudishia oksijeni, na hivyo kila mmoja atamhudumia mwenzake pasipo haja ya kubadilisha maji. Dhana ilikuwa njema, walakini baada ya muda majani makuukuu yalianza kuoza, maji yakatibuka, na kioo kikafunikwa na utando wa kijani. Hapo ndipo Warington alipofanya jambo ambalo naliona kuwa tendo zuri kuliko yote katika habari hii: hakuyamwaga maji akaanza upya, bali alijiuliza katika bwawa la kawaida ni nani alaye majani yaliyooza, akaenda kuwaleta konokono wa majini wachache. Konokono wakala uchafu, maji yakarudi kuwa maangavu, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwezi Machi mwaka 1850 akawasomea wanakemia wenzake taarifa ya majaribio hayo.

Haifai kumsahau Jeanne Villepreux-Power, binti wa Kifaransa aliyekuwa mshonaji wa nguo kabla ya kuwa mtaalamu wa viumbe, ambaye mwaka 1832 huko Messina, kisiwani Sicily, alikwisha kutengeneza matangi ya kioo ili amchunguze argonauta, mnyama wa baharini wa jamii ya pweza. Lakini yeye alitafuta jibu la swali la kitaalamu, ilhali tangi la Warington lilikuwa ni kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukiweka karibu na dirisha lake. Na kioo kilikuwa kimepungua bei, kwa kuwa Uingereza ilikwisha kuifuta kodi ya kioo mwaka 1845. Mwezi Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote, mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya matangi, na kwa miaka michache sebule nyingi za Waingereza zikawa na bahari au ziwa dogo mezani.

Huko Ujerumani jambo hili lilipata mwalimu wake. Emil Adolf Rossmässler alikuwa profesa aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya siasa baada ya mapinduzi ya 1848, na tangu hapo aliishi kwa kalamu, akiwaandikia watu wa kawaida elimu ya maumbile kwa lugha waielewayo. Mwaka 1856, katika gazeti la Die Gartenlaube lililosomwa na familia nyingi, alieleza namna ya kutengeneza ziwa ndani ya kioo, na mwaka 1857 akatoa kitabu kizima juu ya tangi la maji baridi. Rossmässler hakumtaka msomaji wake anunue vitu vya fahari. Alimtaka aende kwenye bwawa la jirani akayatazame yaliyomo. Roho hiyo ndiyo imfaayo mtoto, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuona dimbwi kwa macho yake huelewa upesi kwa nini tangi linahitaji mchanga, mimea na mwanga.

Hata hivyo Warington na wafuasi wake hawakuwaona wafanyakazi wakubwa wa tangi lao. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walithibitisha kwamba amonia hugeuzwa kuwa nitrati na viumbe hai wadogo mno, na kufikia mwaka 1890 Sergei Winogradsky aliwatenga viumbe hao. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, nayo ni sumu kwake. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mimea huitumia. Bakteria hao hukaa juu ya changarawe, juu ya majani na ndani ya chujio, na huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Samaki wa dukani atiwaye ndani ya maji ya siku ile ile huingia mahali ambapo hakuna wa kumwondolea sumu yake mwenyewe.

Pwani yetu na maziwa yetu yana fungu lao katika habari hii. Katika madimbwi ya mvua ya Unguja huishi samaki mdogo wa rangi za kupendeza, aliyeelezwa kitaalamu na Georg Pfeffer mwaka 1893, ambaye jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri. Dimbwi likikauka yeye hufa, lakini mayai yake husubiri ndani ya udongo mkavu hadi mvua zirudipo. Katika miaka ya 1970 Pierre Brichard, akiwa Burundi, alikuwa akiwasafirisha hadi ng'ambo samaki wa Ziwa Tanganyika, miongoni mwao wakiwamo wale wadogo wanaofanya makazi ndani ya makome matupu ya konokono, na mbuna wa Ziwa Nyasa wamekuwa mashuhuri katika matangi ya dunia nzima. Inahuzunisha kwamba mtoto wa Hamburg huenda akawajua samaki hao kuliko mtoto wa Kigoma.

Basi anayemwandalia mtoto wa miaka mitano au sita tangi la kwanza na achukue la mstatili, lisilopungua lita 40, aliweke mahali imara pasipopigwa na jua la mchana kutwa. Aoshe changarawe kwa maji matupu bila sabuni. Aache maji ya bomba usiku mmoja katika ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue. Apande mimea, awashe chujio, na kila siku amwachie mtoto adondoshe chembe mbili tatu za chakula katika tangi lisilo na samaki, ili bakteria wapate cha kufanyia kazi. Katika wiki hizo za kungoja mtoto ataona jani jipya likichipua, na konokono aliyekuja amejificha katika mizizi akipanda kioo. Maji yakishapimwa na kuonekana kwamba amonia na nitriti zimekwisha, waingizwe samaki wadogo watatu au wanne wa aina isiyokua kwa ukubwa, wala si wa dhahabu, ambaye akikomaa huhitaji bwawa. Na kila juma robo ya maji iondolewe, yatiwe mengine ya joto lile lile, kazi ambayo mtoto aliyeshika kikombe kidogo anaweza kushiriki tangu siku ya kwanza.