Chumba cha Betri

Nilipoanza kazi ya kompyuta, niliwacheka wazee wa simu kwa kutunza chumba kizima cha betri. Sikujua kwamba kile chumba kilikuwa na elimu ndani yake.

Mitambo ya simu, karibu duniani kote, ilitumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye betri: seli 24, kila moja volti 2. Umeme wa gridi ulijaza betri tu; ukikatika, simu ziliendelea kulia. Hata upande wa chanya ndio uliofungwa ardhini, ili nyaya za shaba zilizofukiwa zisiliwe upesi na kutu. Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, liliurithi utaratibu huo. Mwaka 1994 likagawanywa, ikazaliwa TTCL. Kompyuta zetu ziliingia kwa mlango mwingine: ziliwekwa mezani, zikachomekwa popote.

Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Mtera na mgao wa umeme ukatushika, nilifunga mtandao katika ofisi moja ya akiba na mikopo mjini Singida. Nyaya za mtandao nilizipima kwa makini. Umeme sikuupima. Swichi ya mtandao ilishiriki soketi moja na feni na birika. Waya wa ethi uliishia kwenye fimbo fupi iliyopigwa katika udongo mkavu juu ya mwamba.

Mvua za kwanza zilikuja na radi. Swichi iliungua, na kompyuta yenye hesabu za wanachama ikaungua nayo. Wazazi walikaa barazani siku tisa wakisubiri mikopo ya ada. Kosa lilikuwa langu.

Mzee mmoja mstaafu wa simu alikuja. Nilimwamkia, hakuitazama mashine. Aliniuliza, "Mwanangu, umeme huu ukipotea njia, unakwenda wapi?"

Tulichimba hadi kwenye unyevu, tukaunganisha fimbo kadhaa, tukatia mkaa na chumvi. Tukajumlisha wati za kila kifaa, tukavuta waya wa peke yake wenye fyuzi yake, tukaweka betri za kutosha saa za mgao.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009. Nyuzi zake ni za kioo, hazipitishi umeme. Lakini mashine za miisho yake bado zinahitaji umeme na ethi. Kila ninapoitwa kufunga mtandao, huuliza kwanza swali la yule mzee.