Kahawa Iliyopita Katika Nyumba za Vioo

Wasomaji wetu wa Kamango na Watalinga yote wanaijua kahawa ya robusta. Lakini je, jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika biashara ya miche ya jamaa moja, huko Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji.

Jean Linden alizaliwa Luxembourg mwaka 1817. Katika ujana wake alipita misitu ya Amerika ya Kusini akitafuta maua mageni. Aliporudi alijenga nyumba za vioo zenye kupashwa moto, kwa maana baridi ya Ulaya huua mimea ya nchi za joto. Watu walinunua, biashara ikakua, na mwanawe Lucien akaingia katika kazi ile ile. Mzee alifariki mwaka 1898.

Ndipo kahawa ya misitu ya Kongo ilipofika mikononi mwa Lucien. Aliiotesha, na mwaka 1900 akaiuza kwa jina la robusta, maana yake "yenye nguvu". Wanunuzi walikuwako. Kule Java, ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya kahawa tangu miaka ya 1870. Miche ya Bruxelles ikavuka bahari, ikastahimili, ikaenea. Baadaye mbegu zilizochaguliwa Java zikarudi Kongo, kwao zilikotoka.

Basi, nguvu hiyo ilikuwa na mpaka. Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Na huku Beni pia uliua miti mingi sana. Kuvu lake hukaa udongoni, huingia penye jeraha la panga au jembe, na husafiri pamoja na miti migonjwa. Jamaa nyingi ziling'oa kahawa zikapanda kakao. Wataalamu wa Uganda wamekwisha kupata aina za robusta zinazovumilia mnyauko huo.

Leo wako wenzetu wenye kitalu kidogo nyuma ya nyumba: baba huchota udongo, mama humwagilia, watoto hujaza vifuko. Hawana vioo, wala hawavihitaji, kwani jua wanalo. Lakini kazi ni ile ile ya akina Linden. Mche mmoja huweza kulisha jamaa miaka ishirini, au kupeleka kifo shambani mwa jirani. Kwa hiyo tusichukue udongo penye mti ulionyauka, na panga tulipitishe motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Anayenunua mche haoni mizizi, anamwamini aliyeuotesha.