Kifungo na Diskasheni

Darasa la Kiingereza la Afrika Mashariki lilianza kuwatumia wanafunzi kama nguvu kazi yake zamani sana, kabla mtaala wowote haujataja ushirikishwaji. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anaeleza habari za kifungo kilichokuwa kikizunguka shuleni Kenya enzi za mkoloni. Kilianzia kwa mwanafunzi mmoja, naye akamkabidhi wa kwanza aliyenaswa akisema lugha ya kwao, huyo naye akamvizia mwingine. Jioni aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, na msururu wote ukafumuka. (Kwa Kiswahili kifungo ni cha shati na ni cha gerezani pia, hapa maana zote mbili zinaingia.) Ukatili wake unajulikana. Usiosemwa sana ni ufundi wake: mwalimu hakuhitaji hata kuwapo. Kusikiliza, kukumbuka na kutoa ushahidi zilikuwa kazi za watoto. Anayedai leo kwamba wanafunzi hawaaminiki kuachiwa wasomeshane, asisahau kwamba shule iliwaamini kabisa ilipotaka wapelelezane.

Tanzania nayo iliwaacha wanafunzi wake peke yao, ila kwa njia nyingine. Tangu 1967 shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili, sekondari ikabaki na Kiingereza, na mtoto akatakiwa aruke kutoka lugha moja hadi nyingine akiingia kidato cha kwanza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari; serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima na kukuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea masomo mengine. Katika pengo hilo ndimo diskasheni, yaani kusomeshana kwa vikundi, ilimoshamiri. Watano au sita wanazunguka kitabu kimoja chini ya mwembe, mmoja anasoma aya kwa sauti, aliyeelewa anaifafanua kwa Kiswahili, kisha kila mtu anaandika notisi kwa Kiingereza. Hakuna aliyewalazimisha. Nadhani kilichowavuta, zaidi ya hofu ya mtihani, ni kwamba pale mtu aliweza kutamka neno vibaya na lisimgharimu kitu, jambo ambalo darasani halikuwezekana.

Wapo watakaosema kwamba diskasheni ya Kiswahili haijengi Kiingereza. Hoja ina uzito: kutamka hujifunzwa kwa kutamka. Lakini mtoto asiyeelewa aya hana la kutamka ila kukariri, na maelezo ya Kiswahili ndiyo yanayompa cha kusema. Pingamizi gumu zaidi ni la wategeaji. Mtaala wa 2005, uliosisitiza ujuzi, uliingiza kazi za vikundi darasani wakati shule za kata zinafurika wanafunzi, na matokeo yake walimu wanayafahamu: karatasi moja, mwandiko mmoja, majina kumi chini. Mwanasaikolojia Elliot Aronson, akikabili tatizo tofauti, uhasama kati ya wanafunzi wa rangi mbalimbali, huko Austin, Texas, mwaka 1971, alipata njia inayofaa hapa pia: alimpa kila mwanafunzi kipande cha somo ambacho wenzake hawana, hivyo akinyamaza wote wanakosa. Kosa basi liko kwenye namna kazi inavyogawanywa. Kikundi cha darasani huundwa na mwalimu, na jina la mtu huandikwa hata kama amelala. Chini ya mwembe hapakuwa na karatasi ya majina; asiyekuja hakuja.